Mlango wa Moshi

Jina la Grisi alipewa na mama yake, na hakupewa kwa mapenzi. Siku moja mama alikuwa amemkalisha uani anamsuka, akashika mkono wa binti ili amnyooshe shingo, na mkono ukamteleza kama samaki. Alipoutazama, ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko. "Sabuni ya nyumba hii yote inaishia kwenye kucha zako," mama akasema. "Basi kuanzia leo wewe si mwanangu, wewe ni grisi." Majirani waliosikia wakacheka, na jina likaganda. Hata aliyemuoa miaka mingi baadaye alimposa kwa jina hilohilo.

Baba yake alikuwa fundi pikipiki. Karakana yake ilikuwa upenuni mwa nyumba, ukuta mmoja na jiko, kiasi kwamba mama alipokaanga vitunguu, fundi alipiga chafya, na fundi alipopiga nyundo, vifuniko vya sufuria vilicheza. Grisi alikulia hapo katikati. Wenzake walijifunza kuhesabu kwa vidole, yeye alijifunza kwa spana, maana baba aliunyoosha mkono kutoka chini ya pikipiki na kusema namba tu, "Kumi! Kumi na mbili!" na ole wako ukimpa siyo.

Alikuwa na kaka mmoja, mkubwa wake. Huyo walimwita Vumbi, kwa sababu yeyote aliyeshindana naye machimboni aliona mgongo wake kwa mbali na kula vumbi lake kwa karibu. Machimbo yalikuwa nyuma ya mtaa. Wachonga kokoto walipoyaacha, vijana waliyafanya uwanja wa kurusha pikipiki: vilima, mashimo, kona za mchanga, na mwishoni kabisa mpando mrefu ulionyooka hadi juu ya ukingo. Jumapili watu walijaa wakakaa juu ya mawe, na wauza karanga walipata riziki.

Pikipiki ya Vumbi ilikuja nyumbani ikiwa ndani ya magunia, vipande vipande. Ilikuwa ya mipigo miwili, ile aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa buluu wenye harufu tamu. Baba na Grisi waliiunga. Vumbi aliwatengenezea chai, maana kwenye spana alikuwa na mkono wa kuvunja. Baba alipofika kwenye tundu la kutolea moshi, alimwita bintiye amwonyeshe kitu ambacho hata yeye alikuwa hajakizoea. Ndani ya tundu kulikuwa na kibao cha chuma, bapa kama ulimi. Injini ikienda taratibu, ulimi unashuka na kuziba tundu nusu, nguvu isikimbie bure. Injini ikipandisha sauti, ulimi unapanda wenyewe, tundu linafunguka lote, na hapo pikipiki inachomoka kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Vali ya ekzosi," baba akasema. "Lakini wewe iite mlango wa moshi. Mlango ukifunguka kwa wakati wake, kaka yako anashinda. Ukikwama, anarudi nyumbani analaumu barabara."

Tangu siku hiyo mlango ule ukawa wa Grisi. Kila baada ya mashindano aliufungua, akautoa, akausugua masizi, akaurudisha. Akisimama pembeni ya uwanja aliweza kufumba macho na kujua mlango umefunguka: sauti ilikuwa inaguna, inaguna, halafu ghafla inageuka kilio kirefu chembamba, na watu wote juu ya mawe wanainuka.

Kupanda, hakupanda. Baba hakuwa mtu mkali, ila kwa hilo alikuwa jiwe. "Mtoto mmoja angani ananitosha," alisema. "Wa pili nimwone chini." Ruhusa aliyompa ilikuwa ya kujaribu pikipiki kwenye kichochoro cha nyuma, na kichochoro chenyewe kilikuwa kifupi: ukiingiza gia ya pili, ukuta huo. Kwa hiyo Grisi aliujua mlango wa moshi kwa macho, kwa vidole na kwa masikio, lakini chini yake haukuwahi kufunguka hata mara moja. Hakulalamika. Hakuna aliyemuuliza.

Kisha Vumbi akaanguka. Aliruka kilima cha katikati vizuri, akatua vibaya, nyonga ikavunjika. Alilala hospitali mpaka akajua majina ya watoto wa wauguzi wote. Alipotoka anachechemea, alitafuta kazi ya kukaa, akapata ya kuendesha greda, mashine ya kusawazisha barabara, mbali sana na nyumbani. Watu wakatania kwamba sasa Vumbi analipiza kisasi: vilima vimemvunja, na yeye anavilaza vilima vyote vya dunia.

Pikipiki ikabaki. Baba aliitundika ukutani kwa minyororo kabla Grisi hajausafisha mlango wa moshi, akafa ikiwa hapo. Karakana ikawa ya Grisi. Alitengeneza pikipiki za abiria, za wauza maziwa, za walimu, akaolewa na seremala aliyepanga chumba cha jirani, wakabomoa ukuta uliotenganisha kazi zao, na tangu hapo wakawa wanagombana kuhusu jambo moja tu maishani: vumbi la mbao kuingia kwenye kabureta. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaenda zao. Ile ya ukutani Grisi hakuiuza wala hakuiendesha. Mara mojamoja aliishusha, akadondoshea oili kwenye tundu la plagi na kuikanyaga kiki taratibu, pistoni isije ikashika. Seremala alikuwa akimtazama. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Husema aliyamaliza siku ya kuposa.

Vumbi alirudi asubuhi moja bila taarifa, amestaafu, tumbo mbele, fimbo mkononi, begi moja begani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, huduma zote zipo," Grisi alijibu kutoka chini ya pikipiki ya mteja. Kisha akaona viatu, kimoja kimelika kisigino upande mmoja. Akatoka akitambaa. "Kaka!"

Walikumbatiana, shati jeupe la Vumbi likapata alama tano za vidole. Baada ya salamu, baada ya maji na habari za wagonjwa na za waliotangulia, Vumbi akasema kilichomleta. Amesikia machimbo yanafukiwa. Vilima vinasawazishwa, nyumba zitajengwa.

"Na wa kusawazisha si mimi," akasema, "ndiyo maana nimekasirika."

Alitaka kuyaaga. Na alitaka kuyaaga kwa sauti ileile.

Waliishusha pikipiki ukutani siku hiyohiyo. Grisi alisafisha kabureta, akaweka plagi mpya, akachanganya petroli na oili kwa kukadiria kwa jicho kama baba yake. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Ya tatu, moshi wa buluu ukajaa karakana, na Seremala akatoka upande wake anapunga msumeno kama anafukuza nyuki. Vumbi alikuwa anacheka peke yake.

Lakini Grisi hakucheka. Alipovuta mafuta, injini iliguna na kuendelea kuguna. Sauti ilipanda mpaka mahali fulani, kisha ikakaa hapo, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji.

"Kabureta," Vumbi akasema.

"Si kabureta."

"Basi plagi."

"Kaka, plagi nimeitoa kwenye karatasi mbele yako." Grisi aliinama, akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa silinda, akavuta mafuta tena huku anachungulia. Ndani kuna kimkono cha chuma ambacho injini ikikimbia kinasukuma ule ulimi juu. Kilitetemeka tu, hakikwenda popote. Akazima. "Mlango umekwama. Umeshuka na umeganda."

"Gonga."

"Sigongi."

"Gonga kidogo."

"Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo," Vumbi akajibu, na kutoka upande wa mbao wakasikia Seremala akikohoa, kikohozi kile cha mtu anayeficha kicheko.

Walianza na bomba la moshi. Springi zake zilikuwa na kutu, na Grisi alizivuta kwa ndoano ya waya, moja ikaruka ikapiga bati la paa. Bolti za kifuniko cha mbele, juu ya tundu la moshi, zilikuwa ngumu zaidi. Tatu zilikubali kwa kubembelezwa. Ya nne kichwa kilianza kuliwa, na Grisi akaacha palepale, akaichongea mfereji kwa tupa, akaikamata kwa bisibisi pana, akaegemea kwa bega lote. Ikalia kii, ikakubali.

Kifuniko kilipotoka, hapakuonekana chuma. Palionekana kitu cheusi kimoja, kigumu, kinachong'aa kama lami. Masizi, yaliyogandishwa na oili ya miaka yote, yalikuwa yameushika ulimi pande zote mbili, na ekseli nyembamba inayoubeba ilikuwa imeungana na ukuta wa silinda. Grisi alinyunyizia mafuta ya kulainisha, akafunika kwa kitambaa.

"Sasa?" Vumbi akauliza.

"Sasa tunakula, tunalala."

Kesho yake asubuhi mlango ulikuwa bado umekaidi. Vumbi alikuwa ameamka kabla ya wote, na Grisi alipofika karakana alimkuta amesimama mbele ya pikipiki na nyundo mkononi, anaitazama nyundo kama mtu aliyeshawishiwa na rafiki mbaya.

"Weka chini, kaka. Hiyo ni alumini. Ukigonga kwa chuma, tutakwenda kuaga machimbo kwa miguu."

Aliweka sufuria ya maji jikoni mpaka yakachemka, akazungushia silinda vitambaa, akamimina kidogokidogo ili alumini itanuke na kuiachia ekseli. Akahitaji kitu cha kusukumia, kigumu cha kutosha kusukuma lakini si kigumu cha kuumiza. Alijinong'onea hayo huku akipekua sanduku la vyuma. Seremala alikuwa amesimama kwenye uwazi uliokuwa ukuta. Alirudi kwake, ikasikika randa mara chache, akatoka na kijiti cha mti mgumu, mviringo, mwembamba sawasawa na ekseli, ncha yake imelainishwa kwa msasa.

"Jaribu hiki," akasema.

"Shemeji," Vumbi akamwambia, "kumbe unasikia."

"Nasikia tangu nimeoa hapa."

Vumbi alishika pikipiki isitikisike, Grisi akaweka kijiti, akagonga kwa kinyundo cha mpira. Tu. Tu. Tu. Sauti ilikuwa nzito, ya kitu kisichotaka. Aliongeza maji ya moto. Tu. Tu. Baba yao alipokuwa akifanya kazi ya namna hii alikuwa akiimba kwa pua, wimbo usio na maneno, na Grisi hakujua kwamba naye anaimba mpaka aliposikia sauti ya pili imejiunga. Kaka yake alikuwa ameinamisha kichwa juu ya tangi, macho yamefumbwa, anaimba kwa pua wimbo wa marehemu. Hawakutazamana. Kinyundo kikaendelea.

Kisha sauti ikabadilika. Tik. Nyepesi, yenye uwazi ndani yake. Ekseli ikatokeza upande wa pili kama ncha ya kidole, Grisi akaikamata kwa koleo na kitambaa, akaizungusha huku na huku, ikatoka yote. Ulimi ukadondoka kiganjani mwake, mweusi, mzito kuliko alivyoukumbuka.

Harufu ndiyo iliyowakamata. Ile oili tamu iliyoungua, ikapashwa moto tena na maji ya jikoni, ikajaa upenuni, na pamoja nayo ikaja Jumapili nzima: mama anasimama mlangoni na ndoo akipiga kelele kwamba nguo zake alizoanika zitanuka, baba anafunga kamba za viatu vya Vumbi kana kwamba Vumbi hana mikono, karanga za moto kwenye karatasi, na watu juu ya mawe wanaanza kuinuka.

Grisi alimpa kaka yake kipande cha mti akwangue. Vumbi alikaa juu ya kigoda, akauweka ulimi gotini, akakwangua mara moja, akaacha.

"Unajua haya masizi ni ya lini?" akasema. "Ni ya siku zetu. Moshi wa mbio ile ya mwisho, kumbe haukwenda wote. Mwingine umekaa humu." Aligusa ule weusi kwa kidole gumba. "Halafu mimi naukwangua."

Grisi alimwacha akae nao kidogo. Ila alikuwa fundi, na saa hiyo mteja mwingine alikuwa anasukuma pikipiki yake kuingia getini.

"Kaka, kumbukumbu au pikipiki? Chagua."

Vumbi akacheka kwa pua, akainamia kazi. Walikwangua kwa mti, wakasugua kwa brashi ya nyaya na mafuta ya taa, mpaka chuma kikaonyesha uso wake wa kijivu. Wakati wa kurudisha, Grisi aliugeuza ulimi mara mbili akiuhakikisha, maana ukiuingiza kichwa chini, pistoni inapanda inaukuta njiani, na hapo hakuna tena wimbo. Alipofunga, alisukuma kiki kwa mkono, polepole, sikio limelala kwenye silinda. Hakuna kilichogusana. Alikisukuma kimkono cha ubavuni kwa kidole, kikapanda kikashuka, laini, kama kope.

Waliipakia kwenye kigari cha Seremala cha kubebea mbao na kuisukuma machimboni, watu watatu wazima na mvi zao, watoto wa mtaa wakiuliza kama inauzwa.

Uzio wa mabati ulikuwa umeshawekwa, na mlinzi alikuwa na haki yote ya kuwakatalia, akaanza kuitumia. Lakini nyuma yake, juu ya kilima cha kwanza kilichokwisha kunyolewa nusu, kulikuwa na tingatinga, na dereva wake alikuwa anakunywa uji kivulini. Vumbi alimpigia kelele akimuuliza mbona blade yake, lile bapa la mbele la kusukumia udongo, inavuta kushoto. Dereva akainuka kukanusha, akaangalia, akakuna kichwa. Wakaongea lugha yao ya mashine. Baada ya muda dereva alimwambia mlinzi, "Waache wazee. Mimi sianzi mpaka nimalize uji."

Kilima cha katikati kilikuwa hakipo tena. Mpando mrefu wa mwisho ulikuwepo bado, mzima, umeota nyasi kavu pembeni.

Grisi aliiwasha, akaiacha ipate joto, akamsogezea kaka yake usukani. Vumbi alivaa helmeti yake ya zamani, ikamkataa masikioni. Akaishika pikipiki, akajaribu kuinua mguu kupita kiti. Nyonga ikakataa. Akajaribu upande wa pili. Akasimama, mkono mmoja kwenye kiti, anahema.

"Mguu huu," akasema, "hata kitandani haupandi bila kuombwa." Akavua helmeti, akamnyooshea dada yake. "Panda."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Shemeji?"

Seremala alitikisa kichwa haraka sana.

"Kaka, mimi najua kichochoro tu."

"Kwani hapa unaona ukuta?"

Grisi alitazama mpando, akatazama gauni lake la kazi, akalikunja akalifunga kiunoni juu ya suruali. Helmeti ilimwenea. Gia ya kwanza aliijua. Ya pili aliijua, na hapo mwili wake wote ukasubiri ukuta, kwa mazoea ya miaka. Ukuta haukuja. Akaingiza ya tatu, akavuta. Injini iliguna, iliguna, na chini yake, katikati ya magoti, akasikia kitu kikifunguka.

Alikuwa ameisikiliza sauti ile nusu ya ujana wake, na alidhani anaijua. Hakujua kwamba inapoanza, mikono inanyooka yenyewe. Hakujua kwamba mpando unalala chini, kwamba machozi yanakwenda masikioni, kwamba mtu anapiga yowe bila kuamua. Alifika juu ya ukingo, tairi la mbele likaacha ardhi kiganja kimoja tu, labda pungufu. Akageuka, akashuka, akazunguka tena, mara ya pili kwa kasi zaidi. Ya tatu alikata kona ya mchanga kwa ujeuri wa mtu aliyeanza juzi, tairi likateleza, na Grisi akalala chini na pikipiki ikalala pembeni yake, tairi la nyuma linazunguka.

Vumbi alikimbia. Fimbo aliiacha, akakimbia mkimbio wake wa kuchechemea, Seremala akimpita katikati ya njia, dereva wa tingatinga nyuma na kikombe chake. Walimkuta amelala chali anatazama mbingu, meno yote nje, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Umeumia?" Seremala akauliza, amepiga magoti, sauti yake imepanda kuliko walivyowahi kuisikia.

"Sijui bado. Subirini kwanza."

Alikuwa amechubuka kiwiko, basi. Vumbi alikaa palepale mchangani karibu naye, akamtoa helmeti, akampangusa uso kwa mkono wake, akamfanya mchafu zaidi. Kisha akasema, "Kona ile unaingia kwa nje, dada. Kwa nje. Wote huwa wanakosea hapo."

"Basi ungenifundisha."

"Sasa nafundisha."

Na alifundisha. Uji wa dereva siku ile ulichukua muda mrefu kuliko uji wowote. Vumbi alisimama katikati ya machimbo na fimbo yake, akionyesha, akifoka, akimwita dada yake majina ambayo mama yao asingeyaruhusu mezani, na Grisi akazunguka mpaka petroli ikaanza kukohoa. Baadaye tingatinga likawashwa. Walikaa juu ya mawe wakalitazama likipanda mpando ule polepole, likausukuma chini. Vumbi alikubali kwamba jamaa anajua kazi, ukiacha ile blade.

Alikaa kwao zaidi ya alivyopanga, kisha akarudi kwake, na sasa hupiga simu jioni kuuliza habari za kiwiko, kilichopona zamani. Zimejengwa nyumba pale, na baadhi ya wenye nyumba hizo ni wateja wa Grisi. Wanaleta pikipiki zao zikiwa na misumari ya ujenzi kwenye matairi. Grisi hupeleka pikipiki ile ya zamani kwenye mto mkavu ng'ambo ya mtaa, asubuhi za mapumziko. Seremala huenda naye. Hubeba kigoda na kipande cha mti cha kuchonga, hukaa kwenye ukingo akiupa upepo mgongo. Mara nyingi haangalii. Lakini sauti ikianza kuguna huko chini, kisu chake husimama, hungoja, na ikishageuka kilio chembamba, ndipo huendelea kuchonga.